Hadithi za mizimu na vitabu vya watoto: Tunawafundisha wamwogope nani?

 

Ndugu msomaji, miongoni mwa vitu ambavyo wazazi wa mjini hununua shule zinapofunguliwa ni vile vitabu vya watoto vyenye hadithi fupi na mazoezi. Mtoto anasoma kurasa mbili, kisha anapaka rangi picha, anaunganisha nukta, anatafuta njia ya kutokea kwenye fumbo, anajibu maswali. Ni vitabu vizuri. Mtoto ambaye hakai na kitabu cha kawaida dakika tano, hiki atakaa nacho nusu saa akiwa na penseli zake za rangi.

Hapa nchini kazi ya kuwaandikia watoto kwa Kiswahili ilipata msukumo tangu 1991, ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Hata hivyo, vingi vya mazoezi ninavyoviona mikononi mwa wanafunzi vimetoka nje. Ndani mna malenge yaliyochongwa macho na meno, na shuka jeupe lenye matundu mawili ya macho. Hayo ni mambo ya Halloween, siku inayoadhimishwa Marekani na kwingineko kila Oktoba 31. Basi mtoto wa Kibirizi, anayelala akisikia mawimbi ya Ziwa Tanganyika, anakaa kupaka rangi mzuka wa Chicago.

Kwa sababu hiyo wapo wanaouliza: kwa nini tusichapishe hadithi zetu wenyewe, za mizimu ya ziwa na milima yetu, tukawawekea watoto mazoezi? Swali ni zuri. Lakini Muislamu hawezi kulijibu kabla ya kujiuliza jingine: hadithi ya mzimu inamfundisha mtoto nini? Hoja yangu katika makala hii ni kwamba kila hadithi ya kutisha humfundisha mtoto mambo mawili. La kwanza ni amwogope nani. La pili, ambalo wengi hatuliangalii, ni kwamba akishaogopa atoe nini, na ampe nani. Hapo ndipo pa kuichujia hadithi.

Shanga za Kabogo

Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa anakaribia Ujiji kumtafuta David Livingstone, alisikia ngurumo ya mbali kama radi. Aliwauliza wenyeji, wakamwambia kuwa ni Kabogo. Maelezo aliyopewa, ambayo aliyaandika katika kitabu chake cha safari ile, ni kwamba Kabogo ni mlima mkubwa ng'ambo ya ziwa, wenye mapango marefu ambamo maji huingia na kugonga, na upepo ukivuma sauti yake hufika mbali. Mitumbwi mingi ilikuwa imepotea huko. Kwa hiyo waliokuwa wakipita walitupa majini vitambaa vya merikani na kaniki, na hasa shanga nyeupe, ili kumtuliza mungu wa ziwa. Ilisemwa kwamba atupaye hupita salama, na asiyetupa huzama.

Tazama jinsi maelezo yale yalivyobeba mambo mawili kwa pamoja. Watu walijua sababu: mapango, maji na upepo. Hawakuwa wajinga wa ziwa lao. Pamoja na kujua, bado walitupa shanga.

Na kuna jambo jingine linalotugusa sisi moja kwa moja. Stanley aliambiwa kuwa desturi hiyo ilikuwa ya wenyeji na ya Waarabu pia. Kwa maana nyingine, miongoni mwa waliofika Ujiji na msahafu, wakaswali swala tano katika mji huu, walikuwepo waliofika mbele ya Kabogo wakatoa shanga. Tusikimbilie kusema kwamba ushirikina wa ziwa ulikuwa wa watu wa porini. Hofu ilimkuta kila mtu mtumbwini, na hofu hiyo ikapata jibu ambalo hadithi ilikuwa imeshaliandaa.

Qur'an imeueleza ugonjwa huu. Katika Suratul Jinn (72), aya ya 6, Allah (SW) anatueleza kuwa walikuwepo watu katika wanadamu waliokuwa wakijikinga kwa wanaume wa kijini, na hilo halikuwaongezea ila madhara. Wafasiri wanasema Waarabu wa zama za ujahili walipolala bondeni safarini walimwomba ulinzi bwana wa bonde lile, yaani jini waliyeamini kuwa ndiye mwenyeji wa mahali hapo. Bonde la Arabuni na mlima wa Kabogo ni kisa kimoja.

Na Mtume (SAW) hakuacha pengo. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Khawla bint Hakim (RA), alifundisha kwamba mtu akifika mahali akajikinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia dhidi ya shari ya alivyoviumba, hakitamdhuru kitu mpaka aondoke mahali hapo. Mahali ni pale pale, na msafiri ni yule yule mwenye hofu. Kilichobadilika ni anayeelekewa.

Kutoka shanga hadi nywele

Atasema msomaji: mwalimu, hayo ni ya 1871, nani leo anatupa shanga ziwani? Lakini funzo lile halijafa, limebadilisha bidhaa tu.

Sote tunakumbuka yaliyoanza kuripotiwa nchini kuanzia miaka ya 2006 na 2007, pale ndugu zetu wenye ualbino walipoanza kuwindwa na kuuawa kwa sababu ya viungo vyao. Waganga waliwaaminisha wateja kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Iliripotiwa kwamba kule Ziwa Victoria walikuwepo wavuvi waliosuka nywele za watu wenye ualbino kwenye nyavu zao ili wapate samaki wengi. Linganisha na shanga za Kabogo. Anayeogopa kuzama anatoa shanga, na anayeogopa kurudi bila samaki anatia nywele za binadamu mwenzake kwenye wavu.

Na hadithi ilikuwa imetangulia. Kwa vizazi vingi watoto wa nchi hii waliambiwa kuwa "zeruzeru" si mtu kamili, kwamba ni mzimu, kwamba hafi bali hutoweka. Mtoto aliyekua na maneno hayo, siku akiambiwa na mganga kuwa kiungo cha mzimu kina nguvu, atashangaa nini? Msingi aliwekewa kwenye mkeka wa bibi yake, kwa kicheko, usiku wa hadithi.

Mkoa wetu wa Kigoma unalijua hili kwa karibu. Katika miaka ile watoto wenye ualbino walikusanywa kwenye kituo cha Kabanga, wilayani Kasulu, wakaishi humo mbali na wazazi wao ili wasiuawe. Mtoto anatengwa na mama yake kwa sababu ya ngano! Wala tusijidanganye kwamba yamekwisha. Mwezi Mei 2024, wilayani Muleba mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao, na mwezi Juni mwili wake ukapatikana ukiwa umekatwa viungo.

Ukweli ambao mtoto alipaswa kuambiwa ni mfupi. Ualbino ni hali ya kurithi. Baba na mama wanaweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa na kila mmoja akawa amebeba asili hiyo bila kujua. Mwenye ualbino anakosa rangi inayokinga ngozi na kusaidia macho, hivyo anahitaji kofia, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kukaa mbele darasani aone ubao. Anazaliwa, anakua, anaoa au kuolewa, na anakufa kama sote. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany kuwa mbunge wao, mtu mwenye ualbino, kwa kura. Mzimu haupigiwi kura.

Mzimu, jini na zimwi

Sasa tuiweke elimu mahali pake, maana wengi tunachanganya mambo matatu tofauti na kuyaita jina moja.

Kwanza ni mzimu, kwa maana ya roho ya marehemu inayorudi kuzunguka mitaani, kukaa mtini au ziwani na kudai vitu. Huyu hayupo katika itikadi ya Kiislamu. Suratul Muuminun (23), aya ya 100, inatufahamisha kuwa mbele ya waliokufa kuna kizuizi, barzakh, mpaka siku watakapofufuliwa. Babu aliyezikwa hana ruhusa ya kurudi kudai pombe, kuku wala kaniki. Anachohitaji ni dua ya mtoto mwema na sadaka.

Pili ni jini. Huyu yupo, na anayemkanusha anaikanusha Qur'an. Lakini ni kiumbe mwenye mipaka. Katika Surat Sabaa (34), aya ya 14, tunaelezwa kuwa Nabii Suleiman (AS) alipofariki, majini waliendelea na kazi ngumu bila kujua kuwa amekufa, mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo yake na mwili ukaanguka. Hawa ndio ambao mganga anasema wanajua mwizi wako ni nani na kesho utapata nini! Maiti iliyokuwa mbele yao hawakuijua.

Tatu ni zimwi, yule wa mdomo mkubwa anayejigeuza maumbo na kupoteza wasafiri. Waarabu walikuwa naye pia, wakimwita ghuul. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Jabir (RA), Mtume (SAW) alimkanusha ghuul, na wanazuoni wakafafanua kuwa kinachokanushwa ni ile imani ya Waarabu kwamba hujigeuza maumbo na ana uwezo wa kupoteza watu njia.

Mtoto wa miaka minane anaweza kuyajua haya matatu vizuri akifundishwa kwa utaratibu. Asipofundishwa, atakua akiogopa yote matatu sawasawa, na wakati mwingine kuliko anavyomwogopa Mola wake.

Wanaochoma na wanaocheka

Katika suala hili nimekutana na makundi mawili.

Kundi la kwanza linasema hadithi hizi zote ni shirki, zisisomwe wala zisitajwe. Nia yao ni njema, lakini njia yao haifanyi kazi. Mtoto usiyemsimulia wewe, atasimuliwa na wenzake njiani kutoka madrasa, na huko hakuna wa kumweleza barzakh ni nini. Isitoshe, Qur'an yenyewe haikuficha kwamba watu walijikinga kwa majini. Imekieleza kisa, kisha ikaonesha ubatili wake.

Kundi la pili linasema huo ni utamaduni tu, mbona unakuza mambo, watoto wanacheka na kulala. Hawa nawajibu kwa kituo cha Kabanga. Pia nawakumbusha kuwa kumtisha mtu si jambo dogo katika dini yetu. Amepokea Abu Daud kwamba maswahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, mwenzake akaichukua kamba aliyokuwa nayo, yule akashtuka. Mtume (SAW) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Ikiwa mtu mzima aliyeshtushwa kwa mzaha amepata ulinzi huo, vipi mtoto anayeambiwa kila jioni kwamba asipomaliza ugali zimwi litamla? Tena huo ni uongo. Katika hadithi nyingine ya Abu Daud, mwanamke alimwita mtoto wake kwa ahadi ya kumpa kitu, na Mtume (SAW) akamuuliza alitaka kumpa nini. Akajibu kwamba ni tende. Akaelezwa kuwa kama asingempa kitu angeandikiwa uongo.

Wapo watakaosema kuwa Mtume (SAW) mwenyewe aliamuru watoto wazuiwe ndani jua linapozama kwa kuwa mashetani husambaa wakati huo. Ni kweli, hadithi hiyo ipo katika Bukhari na Muslim. Lakini isome mpaka mwisho. Ukipita muda wa usiku, waacheni. Fungeni milango mkitaja jina la Allah, funikeni vyombo, zimeni taa. Hofu pale imepewa mpaka, imepewa saa, na imepewa tiba ambayo mtoto anaweza kuifanya kwa mkono wake. Zimwi la ugali halina tiba. Linamwacha mtoto gizani, macho wazi.

Kisima cha siri

Je, ipo hadithi ya kwetu inayofaa kuchapishwa? Zipo nyingi. Nitatoa moja, ambayo Stanley aliisikia kwa watu wa Ujiji katika safari yake ya pili, mwaka 1876.

Wazee walisema kuwa mahali lilipo ziwa palikuwa bonde kubwa lenye watu na ng'ombe wengi. Katika mji mmoja aliishi mume na mke waliokuwa na kisima kirefu uani, chenye samaki watamu wasiokwisha. Baraka ile ilikuwa na sharti moja, kwamba kisima kiwe siri. Mume akasafiri kwenda upande wa Uvinza. Nyuma yake mke akampa mgeni samaki wale, mgeni akambembeleza aoneshwe wanakotoka, mwisho akaoneshwa. Alipowagusa tu, mzimu ukakasirika, ardhi ikapasuka, maji yakafunika bonde lote. Mume aliporudi hakukuta mji wala mke, alikuta ziwa.

Hadithi hii ina lulu mbili na mwiba mmoja. Lulu ya kwanza ni amana: siri ya nyumba ni amana, na anayeivunja huwaponza wasiokuwa na hatia. Lulu ya pili ni kwamba wazee walisema ardhi ilipasuka, na hilo liko karibu sana na ukweli. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi imepasuka na kuachana kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana kina chake kinafika mita 1,470 hivi, na hakuna ziwa linalolizidi kina duniani isipokuwa Baikal la Urusi. Ufa huo bado uko hai. Disemba 5, 2005 eneo la ziwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.8. Mwiba ni ule mzimu uliokasirika. Uking'olewa mwiba, hadithi haifi. Mgeni afanywe jirani mdadisi, na mwisho wake mtoto aulizwe: ardhi ni ya nani, na nani huipasua?

Kitabu kiweje?

Hapa ndipo ninapoona faida ya kitabu cha mazoezi kuliko simulizi ya mdomo peke yake. Katika simulizi mtoto anakaa kimya na kutishika. Katika zoezi analazimika kujibu, na anayejibu ameanza kufikiri.

Kwa kisa cha Kabogo, zoezi la kwanza liwe la chupa. Mtoto achukue chupa tupu, apulize hewa juu ya mdomo wake. Itanguruma. Kisha aulizwe: ndani ya chupa kuna mzimu? Na pango likipigwa na upepo je? Zoezi la pili liwe la picha ya mtumbwi, pembeni yake pana jaketi la kuokolea, kasia, shanga, hirizi, na nahodha anayetazama wingu. Azungushie duara vinavyosaidia, apige mstari visivyosaidia. Hapo atafundishwa ile hadithi ya Tirmidhi ya yule aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah. Kuvaa jaketi ni kumfunga ngamia. Zoezi la tatu ahifadhi dua ya kufika mahali, aisome mbele ya mzazi, na mzazi aweke sahihi.

Kwa hadithi za usiku, achore taa za wavuvi wa dagaa, kisha aulizwe kwa nini huonekana nyingi usiku wa giza na hupungua mwezi ukiwa mpevu. Jibu ni kwamba dagaa hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikienea taa haina kazi. Mtoto ataelewa kuwa usiku nao una sababu zake. Na kusiwe na kitabu cha aina hii kisichokuwa na rafiki mwenye ualbino ndani yake, amevaa kofia, anacheza, anasoma, ana jina zuri.

Kuhusu picha, najua khitilafu ya wanazuoni juu ya kuchora viumbe wenye roho, na pia najua kuwa bibi Aisha (RA) alikuwa na vinyago vya kuchezea, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Ambaye moyo wake hautulii, bado ana ziwa, milima ya Kongo ng'ambo, michikichi, miembe ya Ujiji, taa na mitumbwi. Kurasa zitajaa.

Ndugu zangu Waislamu, kazi hii si ya serikali wala ya wafadhili. Walimu wa madrasa, wahitimu wetu wa vyuo vikuu na wachoraji wanaochora mabango ya maduka wanaweza kukaa pamoja wakatoa kitabu kimoja cha kurasa thelathini. Bibi zetu wa Ujiji watasimulia, mwalimu atachuja, mchoraji atachora. Tukichelewa, bibi ataondoka na hadithi yake, na mtoto atabaki na malenge ya Oktoba.

Mtume (SAW) alikuwa na kijana mdogo nyuma yake siku moja, Abdullah bin Abbas (RA). Kama alivyopokea Tirmidhi, alimfundisha kwamba umma wote ukikusanyika kumdhuru, hautamdhuru ila kwa jambo ambalo Allah ameshamwandikia. Kijana yule alikua akawa bingwa wa tafsiri ya Qur'an. Watoto wetu wa ufukwe wa Tanganyika nao wanastahiki kufundishwa hivyo kabla hawajapanda mtumbwi.

Wabillahi tawfiq.